Kukoroga sabuni ni kazi ndogo, kuipangia bei ndiyo kazi

Nafundisha wanawake kutengeneza sabuni ya mwani, zaidi katika vijiji vya mwambao wa mashariki ya Unguja. Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa na wanawake 25. Walikoroga vizuri, sabuni ikaganda, vyeti vikagawiwa, picha zikapigwa. Niliporudi baada ya miezi 6 sikukuta hata kikundi kimoja kinachotengeneza. Mizani tuliyowaachia ilikuwa inapimia dagaa.

Mama mmoja, mkubwa wetu sote katika yale mafunzo, alinikalisha barazani kwake akaniambia kwa upole: "Mwanangu, sabuni yenu nzuri. Lakini mmetufundisha saa ya maji kutoka, tena mmetufundisha kitu ambacho jirani yangu hanunui. Sasa tufanye nini?"

Maneno yale mawili, maji na jirani, ndiyo yaliyonifundisha kazi hii. Nayaeleza hapa kwa sababu kila mwaka naona watu wazuri, wenye nia safi na fedha za wafadhili, wakilirudia kosa langu.

Nianze na maji. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, huku pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume nao waliingia, kisha wengi wakarudi kwenye uvuvi na baadaye kwenye hoteli, shamba la baharini likabaki la wanawake. Hadi leo wao ndio wengi kupita kiasi. Kazi yenyewe ni ya kuinama: unakita mambo, yaani vigingi, mchangani, unafunga kamba, unaning'iniza vipande vya mwani kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, unapalilia, unavuna baada ya wiki 6 hivi, unaanika. Kilo 7 au 8 za mwani mbichi zinakupa kilo moja kavu.

Yote hayo hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa hasa. Na huku kwetu maji ya bamvua hutoka asubuhi, yakakauka kabisa kwenye saa nne au saa tano. Sasa angalia ratiba ya semina yoyote: saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Ukiipanga katika siku za bamvua, unamwambia mwanamke achague baina ya cheti chako na mavuno yake. Wengine watakuja kwa heshima tu, na mwani wao utaliwa na samaki au utakatwa na mawimbi bila mtu wa kuufunga upya. Siku hizi kabla ya kupanga tarehe natazama mwezi kwanza. Tunakutana siku za maji mafu, yasipokupwa sana, na tunamaliza kabla ya saa nane ili watu wawahi jikoni. Mahudhurio tangu hapo si tatizo tena.

Kwa nini sabuni, lakini? Kwa sababu mwani mkavu unaouzwa kwa wanunuzi wakubwa huenda ng'ambo kutolewa karajinani, ile inayofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito, na mkulima hana sauti katika bei yake. Kati ya mwani tunaolima, jamii ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ndiyo isiyostahimili maji ya moto. Bahari ilipozidi joto, kotonii ilianza kuugua, inageuka nyeupe na kukatika vipandevipande, na sehemu nyingi ikafa kabisa. Ikabaki jamii ya spinosamu, ngumu zaidi lakini rahisi kwa bei. Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyetumia maisha yake katika mwani wa Zanzibar, ni miongoni mwa waliosukuma mapema wazo la wanawake kuusaga na kuutengenezea bidhaa wenyewe badala ya kuuza magunia peke yake. Kidoti kule kaskazini na Paje huku kwetu kuna wanawake waliolishika wazo hilo.

Ufundi wenyewe nauheshimu, kwa hiyo niueleze japo kwa ufupi. Kila mafuta yana kipimo chake cha soda kali, yaani kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za soda kali ili yote yageuke sabuni. Mawese huhitaji 142 hivi. Mimi napunguza asilimia 5, naweka gramu 174 kwa kilo ya nazi, ili mafuta kidogo yabaki kulainisha ngozi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, maana yataruka yakuunguze uso. Na sufuria zetu za kila siku ni za alumini, ambayo soda huila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Tumia ndoo ya plastiki nene. Koroga maji hayo ya soda na mafuta, ongeza mwani uliosagwa laini, mafuta ya karafuu au mchaichai, mimina kwenye kalibu, kata kesho yake, kisha iache ipumzike wiki 4 hadi 6. Mwanamke yeyote anayejua kupima unga wa maandazi atalishika hili kwa siku 2.

Siku 2, narudia. Mafunzo yangu ya sasa ni siku 10, na hizo nyingine 8 zinakwenda kwenye daftari na soko.

Tuchukue mfano ninaoufanya darasani, kwa bei za kukadiria. Kikundi cha wanawake 5 kinatumia kilo 5 za mafuta ya nazi kwa shilingi 45,000, soda 6,000, mafuta ya karafuu 12,000, karatasi na lebo 13,000, nauli 4,000. Jumla 80,000. Wanapata vipande 65. Wanauza 1,500 kijijini kwa sababu "ndiyo bei watu wanayoiweza", na kama vyote vimetoka, mkononi mna 97,500. Faida 17,500, watu wanafurahi. Hapo nauliza: mmefanya kazi saa ngapi? Kila mmoja saa 10, ukijumlisha kukoroga, kukata, kufunga na kutembeza. Ni saa 50. Gawanya. Shilingi 350 kwa saa.

Darasa hunyamaza. Kisha mtu mmoja husema kile ambacho nimekuwa nikikingoja, kwamba muda wake haukuwa umeandikwa popote. Haukuandikwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuuandika: si nyumbani, si shambani, si kwenye miradi. Kwangu mimi, siku mwanamke anapoandika saa zake mwenyewe kwenye safu ya gharama ndiyo siku aliyoanza kujifunza ufundi huu. Kukoroga alikuwa anajua.

Kutoka hapo neno la pili la yule mama linajibika lenyewe. Jirani ananunua sabuni ya kufulia ya dukani, na ana haki. Kipande cha 1,500 ni ghali kwake. Sabuni hii ni ya mgeni, ya hoteli, ya duka la Mji Mkongwe. Ikiuzwa 4,000, vipande vile 65 vinaacha 180,000, yaani 3,600 kwa saa. Lakini mgeni haendi Bwejuu uani kwa mtu kuitafuta, na hoteli haitaki vipande 65. Inataka 300 kila mwezi, vya ukubwa mmoja, na risiti, na inaweza kulipa baada ya siku 30. Duka nalo litauliza alama ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar. Kwa hiyo tunafundisha kupima kila kipande kwa mizani, kuandika tarehe ya kukoroga kwenye lebo, kufuatilia usajili. Tunafundisha namna ya kumjibu meneja anayetaka kuachiwa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza. Na pengo la zile siku 30 linazibwa na kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku la kufuli 3 na wanawake 3 wenye funguo, kila mmoja wake. Kibati, yaani mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, peke yake hakitoshi hapa, kwa kuwa zamu yako inaweza kuwa mwezi wa nane na soda imekwisha leo.

Mfano ninaoupenda hauko hata kwenye sabuni. Kinyasini kuna chuo kinachofuata mtindo wa Barefoot College, ulioanzia Tilonia, India, mwaka 1972. Wanawake wa makamo, wengine hawakumaliza shule, wanasomea umeme wa jua kwa miezi kadhaa kisha wanarudi kuufunga na kuutengeneza vijijini kwao. Watu husifu kwamba bibi asiyesoma anaunganisha nyaya, nami nasifu. Ila siri ya mtindo ule iko kabla ya darasa: kijiji ndicho kinachomchagua, na kaya zinakubali kuchangia kila mwezi kwa ajili ya taa, na humo ndimo fundi analipwa. Akirudi anakuta wateja wanamngoja. Kwenye sabuni tulikuwa tukifanya kinyume, fundi kwanza, mteja Mungu atamleta. Siku hizi sianzi mafunzo kabla ya kuwa na duka au hoteli walau 2 zilizosema kwa maandishi zitanunua kiasi gani.

Lipo jambo linaloninyima raha. Kwa sababu ya joto, mwani unasogezwa kwenye maji marefu, ambako kotonii huishi vizuri zaidi. Maji marefu yanataka boti na kujua kuogelea, na wengi wa wanawake wetu, wanaoishi na bahari tangu utoto, hawakufundishwa kuogelea. Tusipoangalia, zao litarudi kwa wenye boti, na mwanamke ataishia kuanika mwani wa mtu mwingine kwa kibarua. Sabuni itamfaa nini kama mwani si wake?

Kwa hiyo kundi langu linalofuata litaanza na bahari kabla ya mizani. Wamejiandikisha 14, mkubwa ana miaka 52. Mwalimu wa kuogelea ni mwanamke, wamechagua wenyewe nguo za heshima watakazovaa, na wenye watoto wadogo wamepanga zamu ya kuwaangalia ufukweni. Tumechagua wiki ya maji mafu, maana wiki hiyo kwenye saa nne asubuhi maji huwa yamejaa, na shambani hakuna wa kuwangoja.