Shika Futi Kwanza: Kazi ya Kuchora Michoro ya Kiufundi kwa Kompyuta

Kila muhula unapoanza, wazazi hunijia chuoni na swali lile lile: kijana wangu akijua AutoCAD, ile programu ya kuchorea kwa kompyuta, kazi atapata? Huwa nawajibu kwamba programu ni kalamu tu. Kinacholipwa ni mchoro ambao fundi wa Mbale au Arua hapa Uganda, asiyekujua wala kuwa na namba yako ya simu, ataufungua na kujenga bila kubahatisha.

Nilijifunza hilo kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa mgeni kazini nilichora ramani ya nyumba kwenye karatasi ya A1, kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja kwenye ujenzi. Niliandika vipimo vyote isipokuwa kimoja: umbali wa mlango wa jikoni kutoka kwenye kona. Huko kwenye ujenzi mtu akachapisha mchoro huo kwenye A3. Urefu na upana wa A3 ni nusu ya ule wa A1, kwa hiyo skeli ikawa imegeuka 1:200, na pembeni bado pameandikwa 1:100. Fundi alipokosa namba akaweka rula, akasoma milimita 6, akahesabu sentimita 60. Mlango ulitakiwa ukae mita 1.2 kutoka kwenye kona. Ukuta umekwisha kufika kwenye linta, ile boriti ya juu ya mlango, ndipo mama mwenye nyumba akauliza sinki litakaa wapi. Ukabomolewa. Yule fundi hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyemwachia rula. Leo hakuna mchoro wa mwanafunzi wangu unaotoka bila maneno haya: fuata namba zilizoandikwa, usipime kwa rula.

AutoCAD ilitoka mwaka 1982. Kabla yake mchoraji aliinama mezani na rula ya T, na wino ukikosewa aliukwangua kwa wembe. Sasa kusogeza ukuta ni kazi ya sekunde chache. Kuta unaziweka kwenye tabaka lake, umeme lake, mabomba lake, na fundi bomba unamchapishia yale yanayomhusu. Lakini kompyuta haitakukumbusha kwamba tofali la sentimita 20 likipigwa lipu ya sentimita moja na nusu kila upande, ukuta unakuwa sentimita 23. Sahau hilo kwenye vyumba kumi, na nyumba inakataa kuenea kwenye kiwanja.

Wengi hudhani kazi hii ni ya ramani za nyumba tu. Geti la chuma linalochomelewa Katwe, Kampala, linahitaji mchoro. Mabasi ya Kiira Motors kule Jinja yanahitaji mchoro wa kila kipande, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga halilazwi bila michoro.

Aliyemaliza S.4 (sekondari mwaka wa nne) anaweza kuanza na cheti cha ufundi, wa S.6 (mwaka wa sita) mwenye masomo ya sayansi aulizie diploma Chuo Kikuu cha Kyambogo, au kwenye vyuo vya ufundi vya serikali kama Elgon, Lira, Bushenyi na Kichwamba. Asiye na pesa ya programu ajizoeze na LibreCAD au FreeCAD, programu nyingine za kuchorea, hizo ni bure kabisa. Jambo moja nalisisitiza kwa sababu limeponza vijana wazuri: mchoraji huandaa mchoro, ila sahihi ya kuombea kibali cha ujenzi ni ya msanifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa. Usikubali kuigiza sahihi ya mtu, hata mteja akikupa pesa ngapi.

Ukitaka kujijaribu, huhitaji kompyuta. Chukua futi, ule utepe wa kupimia, upime chumba unacholala: kuta nne, dirisha, mlango. Kisha pima kutoka kona hadi kona inayoitazama, ukikata chumba mshazari, mara mbili. Chumba cha mita 3 kwa 4 kilichonyooka kinakupa mita 5 kamili kila mshazari; vipimo hivyo viwili vikitofautiana, kona zimepinda, nawe chora hivyo hivyo zilivyopinda. Mwombaji anayekuja na karatasi hiyo mkononi, hata kama imejaa alama za kifutio, naitazama hiyo kabla ya vyeti vyake.