Glakoma: Usingoje Hadi Uone Vibaya

Katika kliniki ya macho ninamohudumu hapa Nairobi, wagonjwa wengi wa glakoma hufika wakiwa wameshikwa mkono na mtoto au jirani. Ninapowauliza tatizo lilianza lini, wengi hunijibu kwamba lilianza juzi tu. Halikuanza juzi. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa karibu kila siku.

Glakoma ni nini?

Ni ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, yaani lile fungu la nyuzi takriban milioni moja linalopeleka picha kutoka retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi kwenye ubongo. Mara nyingi chanzo ni presha iliyopanda ndani ya jicho, kwa sababu maji yanayotengenezwa humo hayatoki inavyopaswa. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo wapo wanaoharibikiwa neva presha ikiwa ndani ya kiwango hicho, na ndiyo maana daktari hutakiwa kuitazama neva yenyewe, asitosheke na kipimo cha presha pekee.

Je, hii ndiyo presha ya damu?

Hapana. Kupimwa presha mkononi hakukuambii lolote kuhusu presha ya jicho.

Mimi naona vizuri na nasoma ujumbe kwenye simu bila miwani. Kwa nini nipimwe?

Kwa sababu kuona vizuri si ushahidi kwamba neva yako ni nzima. Aina ya glakoma tunayoiona zaidi haiumi, haiwashi na haileti wekundu. Huanza kula pembeni mwa upeo wa macho, huku sehemu ya katikati, ile unayosomea simu, ikibaki safi kwa miaka. Jicho moja hufidia upungufu wa lingine, na ubongo nao huziba mapengo, hivyo mtu hajui amepoteza nini. Anachojua ni kwamba siku hizi anagongana na watu sokoni, anakosa ngazi anaposhuka kwenye matatu, au bodaboda zinamtokea ghafla kutoka kando, na yeye huwalaumu waendeshaji.

Basi si nitakuja mara tu nitakapoanza kuona ukungu?

Hapana. Nalijibu swali hili mara nyingi kuliko mengine yote, na nitaendelea kulijibu: hapana. Ukungu unapofika katikati, sehemu kubwa ya nyuzi za neva imekwisha kufa, na nyuzi hizo hazioti tena. Anayengoja dalili anangoja mwisho wa ugonjwa.

Lakini jirani yangu alipasuliwa jicho akaona tena. Kwa nini nisipasuliwe?

Jirani yako alikuwa na mtoto wa jicho, ambapo lenzi huwa na ukungu na inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Neva haina ya kubadilishwa. Upasuaji na leza za glakoma hushusha presha ili kuzilinda nyuzi zilizobaki. Haziwezi kurudisha zilizokufa. Inanihuzunisha kuona wazee waliokaa nyumbani miaka mingi wakingoja "mtoto wa jicho akomae", kumbe walichokuwa nacho ni glakoma, na muda huo wote dawa ya kuizuia ilikuwepo.

Nimetumia matone miezi mitatu na sioni tofauti. Niache?

Usiache. Kutoona tofauti ndilo lengo: kesho uone kama unavyoona leo. Chupa ikikaribia kwisha, nunua nyingine kabla haijakauka. Weka tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza taratibu kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama una dawa mbili, ngoja dakika 5 kati yake. Ikiwa una pumu, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa, kwa sababu timololi, mojawapo ya matone ya glakoma, inaweza kukubana kifua vibaya. Kama ni pesa zimepungua, tuambie pia, maana huenda ipo dawa nafuu zaidi au leza inaweza kukufaa. Kuruka siku kimyakimya na kutuficha hakumsaidii yeyote.

Macho yakiniwasha kwa vumbi, naweza kununua matone kwenye kemisti?

Kuna matone yenye steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, ambayo hutuliza muwasho upesi, na kwa sababu hiyo watu huyapenda. Yakitumiwa wiki baada ya wiki bila uangalizi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuua neva. Wanaoumia zaidi ni watoto wenye mzio, ambao wazazi wao hurudi dukani na chupa tupu kuomba "ile ile". Nawaomba kwa heshima zote wazazi na wauzaji wa dawa waiache tabia hii.

Je, kuna hali isiyongoja hata kesho?

Ipo. Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa, ukaumwa kichwa na kutapika, nenda hospitali usiku huo huo. Si malaria, wala si jambo la kunywea dawa ya maumivu ukalala.

Baba yangu alipofuka kwa glakoma na kaka yangu anatibiwa. Mimi nina miaka 36 na sina tatizo. Nije lini?

Wiki hii. Kila aliyefikisha miaka 40 anapaswa kupimwa, lakini mwenye mzazi, kaka au dada aliyeugua hana sababu ya kuungoja umri huo, hasa sisi Waafrika ambao glakoma hutuanza mapema na kutuharibu haraka zaidi. Njoo na ndugu zako wengine. Huenda tukakuwekea matone ya kupanua mboni, nawe utaona ukungu kwa saa chache, hivyo usije ukiendesha gari.