Hakuna nyama kwenye sahani, je, moyo uko salama?

"Mimi nyama nimeacha, moyo hauna shida."

Kauli hii ndiyo inayosikika zaidi hapa Dar es Salaam, na ndiyo inayodanganya zaidi. Chipsi kavu hazina nyama. Maandazi nayo hayana, ila vyote hukaangwa kwenye mafuta. Wali wa nazi kwa maharage ya nazi ni mimea mitupu, lakini mafuta ya tui mengi ni ya jamii moja na yale ya siagi. Nazi haina lehemu (kolesteroli), hilo ni kweli. Ila mafuta ya namna hiyo hupunguza uwezo wa ini kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Simwambii mtu wa Pwani aache nazi, atanifukuza. Atumie tui jepesi, tena si kila siku.

Kwenye sahani hiyo hiyo, maharage ndiyo mkombozi. Yana nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo tumboni hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine, huchota lehemu kwenye damu. Choroko na kunde zinafanya kazi hiyo hiyo. Ugali nao, heri wa dona kuliko wa sembe. Na chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa wakati wa kupika.

"Chakula cha moyo ni cha supamaketi."

Nenda sokoni Buguruni ukaulize bei ya fungu la matembele.

"Bila nyama na samaki utaishiwa nguvu."

Protini ipo kwenye kunde. Kinachokosekana ni vitamini B12. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji kidonge chake.

"Mimea inazibua mishipa, dawa tupa."

Hapa pana chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi. Mwaka 1990 daktari Dean Ornish wa Marekani alichapisha utafiti wa wagonjwa waliokula mimea yenye mafuta kidogo sana. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa kuziba kwa mishipa yao ulishuka kutoka asilimia 40 hadi 37.8. Kwa kundi la kulinganisha, ulipanda kutoka 42.7 hadi 46.1. Maumivu ya kifua yalipungua sana kwa wale wa mimea. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, na waliacha pia sigara, wakafanya mazoezi na kujifunza kutuliza akili. Mlo pekee hauwezi kupewa sifa yote, na asilimia mbili si kuzibua.

Kwa hiyo dawa ya presha au ya lehemu haiachwi kwa sababu umeanza mchicha. Ipunguzwe na daktari wa kliniki yako, iwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au kwingine, baada ya vipimo. Na mwenye valvu ya bandia ya moyo anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze mboga za majani ghafla: vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa hiyo, damu ikaganda.