Wavu wa Nyambizi Si Jarife

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa zamu yangu: "Mzee, hizo nyavu za vita zilinasa nyambizi ngapi?" Utadhani tunahesabu papa. Nusu ya umri wangu nimefunga maboya na kung'oa nanga bandarini, na kila nikitaja meli za nyavu, zile zilizotandaza nyavu za waya mlangoni mwa bandari kuzuia nyambizi, watu huona jarife, wavu wa papa: unatega jioni, alfajiri unavuta.

Haya, mchukue Karangi, meli ya nyavu ya jeshi la majini la Australia. Aliundwa Cockatoo Island, Sydney, akaanza kazi Desemba 1941, akapelekwa Darwin, bandari ya kaskazini mwa Australia. Kwenye omo, yaani mbele ya meli, ana pembe za chuma zilizotokeza, ili mzigo uinuliwe bila kugonga ubavu. Mengine ni winchi na jasho.

Wavu wa Darwin ulikuwa takriban kilomita 6. Wote hushangilia urefu, wakasahau maji. Bamvua la kule, yaani tofauti ya maji kujaa na kupwa, hufika karibu meta 8. Sisi Dar es Salaam likigusa 4 tunanung'unika. Ning'iniza waya wa kilomita 6 kwenye mkondo huo uone. Maji yakijaa unavutwa huku, yakipwa unavutwa kule. Pingu, vyuma vya kuungia waya, zinalika. Maboya yanaota chaza, yanazama taratibu. Nanga inatambaa, mwanya unafunguka, na juu ya maji huoni kitu. Kwa hiyo unainua kipande kimoja, unakwangua, unabadilisha pingu, unashusha, unahamia kingine. Ukimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshachakaa. Kutandaza ndiyo sehemu rahisi!

Na wavu haukuwekwa uvue. Uliwekwa umcheleweshe adui na boya litikisike, mlinzi ashtuke. Sydney, usiku wa 31 Mei 1942, ziliingia nyambizi ndogo 3 za Kijapani. Wavu haukuwa umekamilika, una mapengo kila upande. Moja ilinasa mkia ikirudi kinyumenyume, mabaharia wake wakailipua wenyewe. Mbili zikapita. Basi kijana, andika moja, tena ya kinyumenyume.

Kuhusu Darwin, siwezi kuapa kwamba jasho lile lilizuia chochote. Nyambizi I-124 ya Kijapani ilizamishwa Januari 1942 nje kabisa ya bandari, na tarehe 19 Februari ndege 188 za Kijapani zilizokuja kushambulia zilipita juu ya wavu kama haupo. Kara Kara, meli ya kufungua na kufunga lango la wavu, ilimiminiwa risasi, mabaharia 2 wakafa. Labda wavu ulimfukuza adui ambaye hakuja. Hilo utalipimaje?

Karangi mwenyewe vita havikummaliza. Mwaka 1952 alikuwa visiwa vya Monte Bello, magharibi mwa Australia, akipanga nanga na maboya kwa ajili ya jaribio la bomu la atomiki la Uingereza. Kazi ileile, bila wavu. Leo gamba lake linaoza kwenye tope la Homebush Bay, Sydney, na wapita njia hupiga picha meli ya jirani yake, ile iliyoota mikoko.