Kodi ya Mbagala, boma la Chanika na nyumba ya kijijini

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi kabla yake walikuwa takribani milioni 4.36. Miongoni mwao wamo wengi waliotoka mikoani kutafuta maisha, na kaya zao zina jambo ambalo bajeti za kwenye vitabu huliruka: zinagharimia nyumba tatu kwa mpigo. Wanalipa kodi ya vyumba viwili Mbagala au Manzese. Wana kiwanja Chanika au Kivule na ujenzi unakwenda kidogo kidogo. Na kule Singida au Kigoma ipo nyumba ya wazazi inayodai bati jipya, pengine na msingi wa nyumba yao wenyewe, kwa sababu hakuna anayetaka msiba umkute hana pa kupokelea watu.

Sisi tunaofundisha masuala ya fedha tumezoea kuwahimiza watu waweke akiba benki. Naamini tuanze kwa kuheshimu wanachokifanya tayari. Fedha taslimu haikai: mtoto ataugua, shemeji atapiga simu, na simu hiyohiyo ndiyo yenye salio. Ikishageuka tofali, hakuna wa kuiazima. Mikopo ya benki nayo haijawafikia. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu za kukopeshea nyumba, lakini mikopo yote ya nyumba nchini bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Mama lishe au dereva wa bodaboda hana karatasi ya mshahara ya kupeleka benki, na kiwanja chake mara nyingi hakijapimwa.

Kwa hiyo ninachohofia ni boma. Kuta zinafika lenta, fedha zinakata, na paa halijengwi nusu. Chukua kaya inayolipa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Boma likisimama miaka mitano bila kupauliwa, kaya hiyo imelipa kodi ya shilingi 6,000,000 huku akiba yake ikinyeshewa mvua, na pengine kodi imepanda mara mbili tatu hapo katikati. Mara nyingi chanzo ni ramani: vyumba vinne, sebule pana, kibaraza cha mbele, vyote kwa mkupuo. Wanaoanza na banda la uani, vyumba viwili na choo, wakahamia, huwa wamefanya uamuzi wa kiuchumi mzito kuliko wanavyosifiwa. Kodi inasimama siku hiyo. Fedha iliyokuwa ikienda kwa mwenye nyumba kila baada ya miezi sita ndiyo inayonunua mbao za nyumba kubwa.

Ila kuhamia pembezoni kuna bei yake, na ihesabiwe mapema. Nauli ikiongezeka shilingi 2,000 kwa siku kwa mtu mmoja, siku 26 za kazi ni shilingi 52,000, zaidi ya nusu ya kodi niliyoitaja. Wakiwa wawili wanaokwenda mjini kila siku, nauli inaimeza kodi yote. Kaya ya namna hiyo huenda ikafaa ivumilie kupanga mpaka mmoja apate shughuli karibu na huko.

Vikoba navyo vina msimu wake. Vikundi vingi hugawana Desemba, na Januari inakuja na ada, sare na kodi ya nusu mwaka kwa pamoja. Gawio linayeyuka kabla bati halijanunuliwa. Hakuna kanuni inayolazimisha mzunguko uishe Desemba. Kikundi chenye wajenzi wengi kinaweza kukubaliana kugawana Juni, wakati wa kiangazi, ambapo Dar es Salaam mafundi wanapaua bila kukimbizwa na mvua.

Kuhusu fedha zinazotumwa nyumbani kijijini, nasisitiza jambo moja. Wengi hutuma kwa simu, kaka au mjomba anasimamia ujenzi, na kiwanja kinaandikwa jina la aliyekuwepo siku ya kununua. Hati ya mauziano iwe na jina la mwenye fedha, na mke au mume ajue ilipo. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Kwa mjini, haki ya kumiliki inatokana na hatimiliki au, kwa maeneo yasiyopimwa, leseni ya makazi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Na tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu. Aliyebaki kijijini analea watoto ana haki hiyo sawa na aliyeko mjini anayetuma fedha.