Mali halisi: kipi kinaingia kwenye hesabu, kipi hakiingii

Hesabu yenyewe ni nyepesi: andika ulicho nacho, toa unachodaiwa, kinachobaki ndiyo mali yako halisi. Ubishi huanza pale unapoamua nini kiandikwe.

"Mshahara wangu mnono, kwa hiyo niko vizuri."
Mshahara hauingii kabisa. Kinachoingia ni kilichosalia benki, kwenye simu au kwenye vipande vya UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja). Anayelipwa milioni tatu na kuzimaliza zote hajaandika kitu.

"Kiwanja nilinunua milioni tano, sasa ni milioni ishirini."
Nani kasema? Mara nyingi ni dalali, naye bei anayotaja ina cha juu chake ndani. Andika bei ambayo mnunuzi angekulipa mwezi huu, tena kwa karatasi ulizo nazo. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachomiliki ni haki ya kuitumia, na hati hutolewa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa si hati, na mnunuzi makini atakushusha bei kwa sababu hiyo.

Shamba la ukoo ndilo linalopotosha wengi. Unalima, unavuna, lakini huwezi kuuza bila wazee na ndugu kukaa kikao. Andika mazao yaliyo ghalani. Shamba liache mpaka mgawanyo ufanyike.

"Nyumba ninayoishi haihesabiwi."
Inahesabiwa, ukitoa mkopo uliobaki. Ila usiichanganye na pesa unayoweza kuishika kesho. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu uiuze bila ridhaa ya mwenzi wako, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Mimi hupendelea jumla mbili: moja ikiwa na nyumba, nyingine bila nyumba. Ya pili ndiyo inayokuambia utaishije ukipoteza kazi.

Gari liandike kwa bei ya leo. Makochi na runinga usijisumbue navyo.

"Michango ya NSSF ni pesa yangu, naijumlisha yote."
Ni yako, lakini huwezi kuichukua upendavyo. Ukistaafu ukiwa na sifa za pensheni, sehemu hulipwa kwa mkupuo na nyingine kila mwezi. Iweke mstari wake, mbali na akiba ya kawaida.

"Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) si deni, unakatwa wenyewe."
Kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi ndiyo dalili kwamba unadaiwa! Andika salio lote la HESLB, pamoja na Songesha (mkopo wa M-Pesa) na lile deni la dukani kwa Mangi.

"Pesa ya mchezo (upatu) si mali wala deni."
Inategemea umepokea au bado. Tuseme mko watu 10, kila mmoja anatoa 100,000 kwa mwezi. Baada ya miezi minne, ambaye hajapokea ana 400,000 mikononi mwa wenzake: ni mali, ikiwa wenzake ni waaminifu. Aliyepokea milioni yake mwezi wa kwanza bado anadaiwa 600,000, hata kama hiyo milioni ameshaimalizia kwenye bati.

Pesa uliyomkopesha shemeji mwaka juzi na hajawahi kuitaja tena? Andika sifuri. Akilipa, utaiongeza siku hiyo.

"Nilimdhamini tu mwenzangu kwenye SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo; deni ni lake."
Ni lake mpaka aache kulipa. Akikwama, akiba yako inaweza kukatwa kufidia. Usiutoe udhamini kwenye jumla wakati bado analipa, lakini uandike chini ya jumla hiyo kwa kiasi chake kamili. Siku atakapoacha kulipa, uhamishie kwenye madeni.