Kriketi si kupopoa embe: maneno ya uwanjani kuhusu mkono wa mrushaji

Mtoto wa Unguja hujua kupopoa kabla hajaingia skuli. Unaokota jiwe, unakunja kiwiko nyuma ya sikio, unakifyatua, na embe boribo likidondoka unakimbia nalo kabla mwenye mwembe hajatoka. Mkono huo tunaulea miaka kumi, kumi na tano, halafu siku moja mtu anakupa mpira wa kriketi na kukwambia rusha, ila usifyatue kiwiko. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mie hucheza Mnazi Mmoja, baada ya alasiri mpaka magharibi inapokaribia. Enzi za ukoloni Waingereza, Wahindi, Magoa na Maparsi walikuwa wakicheza kriketi pale pale. Siku hizi uwanja ni wa mpira wa miguu, na sisi tunajibanza pembeni na mpira wa tenisi tuliouviringishia utepe wa umeme, na wiketi zetu, vile vijiti vitatu anavyovilenga mrushaji na kuvilinda mpigaji, ni mbao za kuokota. Mwalimu hatuna. Tuna video za kwenye simu na tuna midomo, na kuhusu mkono wa mrushaji kila mdomo una yake.

"Kiwiko kikipinda tu, mpira haukubaliki"

Hii naisikia kila jioni, na mara nyingi msemaji ni mpigaji aliyetolewa sasa hivi.

Sheria haisemi hivyo. Inatazama kipande kimoja tu cha safari ya mkono: tangu unapofika usawa wa bega ukipanda, mpaka mpira unapoachana na vidole. Ndani ya kipande hicho kiwiko kisinyooke. Ukiingia nacho kimepinda na ukatoka nacho kimepinda vile vile, huna kosa. Kosa ni kukinyoosha, kwa sababu huko kunyoosha ndiko kunakofyatua; ndilo lile jiwe la embe. Kifundo cha mkono hakimo katika katazo, kizungushe upendavyo.

Na hata huko kunyoosha kuna msamaha. Zamani Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikuwa na viwango vitatu: nyuzi 5 za pembe ya kiwiko kwa warushaji wa mpira wa kuzunguka, 7.5 kwa wa kasi ya kati, 10 kwa wa kasi. Kamera za maabara zilipowapima watu, ikaonekana kwamba karibu kila mrushaji ananyoosha kidogo, hata wale waliokuwa wakisifiwa kwa mkono mnyoofu. Jicho tu ndilo lililokuwa halioni. Mwaka 2005 kikawekwa kiwango kimoja kwa wote, nyuzi 15.

Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alizaliwa na kiwiko kisichonyooka mpaka mwisho. Desemba 1995, huko Melbourne, mwamuzi alimkatalia mipira saba katika mechi moja mbele ya uwanja mzima. Alipoacha mechi za Test, zile ndefu za siku tano baina ya mataifa, mwaka 2010 alikuwa na wiketi 800, yaani wapigaji aliowatoa, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Mkono uliopinda unapozunguka huonekana kama unanyooka, kutegemea umesimama wapi. Kwa hiyo rafiki yangu unayepiga video kutoka nyuma ya wiketi kisha unaleta ushahidi kwenye maskani, ushahidi wako haufai. Simama ubavuni, upande wa mkono unaorusha, na hata hapo utaona kosa kubwa tu. Nyuzi hazihesabiki kwa macho.

Sasa, mwenye mkono wa embe atajirekebisha vipi? Sisi tunatumia soksi. Tia mpira ndani ya soksi ndefu, shika mdomo wake, zungusha mkono taratibu kama unayerusha bila kuachia. Mkono ukienda mzima mzima kutoka begani, soksi inafuata duara safi. Kiwiko kikifyatuka, soksi inakata kona na kukupiga kisogoni. Wiki moja ya kupigwa na soksi inafundisha kuliko kelele zangu.

"Unataka kasi? Zungusha mkono kwa nguvu"

Hapa ndipo tunapopotea zaidi, na nasema "tunapopotea" kwa sababu mie nilirusha hivi miaka miwili. Nilikuwa nazungusha mkono kama feni, bega linawaka moto, na mpira unamfikia mpigaji ukiwa umechoka kuliko mie.

Fikiria daladala ya 502 inatoka Bububu, imejaa, na dereva anafunga breki ghafla. Gari imesimama lakini abiria hawajasimama. Wanarushwa mbele, na aliyesimama anarushwa zaidi kuliko aliyekaa. Mwili wa mrushaji wa kasi ni hivyo hivyo. Mbio za kabla ya kurusha ndiyo gari. Mguu wa mbele unapotua, ndiyo breki. Ukitua umenyooka na goti likakataa kukunjika, nyonga zinakwama, kiwiliwili kinapinduka mbele juu yake, bega linafuata, na mkono, ulio mbali kabisa na breki, unapita kwa kasi kuliko vyote. Goti likilegea, breki imekufa, na hakuna bega linaloweza kufidia.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapima warushaji 20 wa kasi wa daraja la juu. Waliokuwa na kasi zaidi walikuwa na mbio za haraka zaidi, goti la mbele lililonyooka zaidi, na kiwiliwili kilichoinama zaidi mbele kufikia wakati wa kuachia mpira. Jambo la nne ndilo lililonikalisha chini: walichelewesha kuzungusha mkono. Mguu umeshatua, mkono bado uko nyuma unasubiri. Yaani kinyume kabisa cha feni yangu.

Wavuvi wetu wanalijua hili bila maabara. Anayetupa mshipi kutoka ufukweni hakimbizi chubwi kwa kukimbiza mkono. Anapeleka mkono, anaukatisha, na chubwi ndilo linalokwenda mbali.

Kisha kuna mkono wa pili, ule mtupu. Wengi wetu tunauacha unaning'inia kama wa kanzu iliyoanikwa. Upandishe juu mbele yako, uutazamishe kwa mpigaji, kisha uuvute chini karibu na ubavu kwa nguvu wakati mguu unatua. Unapoanguka huo, mwenzake unapanda. Siku niliyoacha kuufikiria mkono unaorusha nikaufikiria huu tu, mlinda wiketi wetu, anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, alirudi nyuma hatua tatu bila ya kuambiwa. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

"Mkono usiposugua sikio, huo si urushaji"

Ingekuwa kweli, kriketi yenyewe isingefika hapa. Mwanzoni mpira ulirushwa kutoka chini, mkono ukipita karibu na goti. Kuupitisha juu ya bega kuliruhusiwa mwaka 1864, wakati huku kwetu anatawala Sayyid Majid. Kwa hiyo huo unaoitwa mkono wa asili ni uzushi uliokuja kukubaliwa baadaye.

Na kuna Lasith Malinga. Amekulia Rathgama, kijiji cha pwani karibu na Galle, akicheza mpira laini mchangani, kama tu watoto wa Nungwi au Jambiani wangeweza kucheza maji yakipwa. Mkono wake ulipita kando, karibu usawa wa bega, kama anayerusha kombeo, na hakuna aliyefanikiwa kuunyanyua. Mwaka 2007, kwenye Kombe la Dunia, aliwatoa wapigaji wanne wa Afrika Kusini kwa mipira minne mfululizo.

Lakini kabla hujaenda kumuiga, jua bei yake. Mkono ukipita juu, ukikosea wakati wa kuachia, mpira unakuwa mfupi au mrefu ila bado unaelekea kwenye wiketi. Mkono ukipita kando, kosa lile lile linaupeleka kushoto au kulia, na mlinda wiketi anakwenda kuutafuta barabarani. Malinga alilipa bei hiyo kwa miaka ya mazoezi ya kulenga. Mkono wako ukipita chini kwa maumbile na unalenga, uache. Ukipita chini kwa sababu unaangukia upande wa mkono mtupu huku kichwa kimelala begani, hapo kichwa ndicho cha kurekebisha.

"Mpira wa polepole hurushwa kwa mkono wa polepole"

Ndivyo mpigaji anavyoomba iwe, maana anausoma mkono wako kabla hajauona mpira. Mkono uende kwa kasi ile ile. Badilisha mshiko: uingize mpira ndani zaidi ya kiganja, au utoe kwa vidole vilivyogawanyika pande zake. Ni hayo tu.

"Una kiuno wewe, mtoto?"

Hii si ya kriketi peke yake, tumekua nayo majumbani. Mtoto akilalamika mgongo, wakubwa wanacheka: kiuno ni cha watu wazima. Uwanjani inageuka kuwa amri. Rusha, utazoea.

Ukweli ni kwamba mifupa ya mgongo wa chini ya kijana bado inakua, na urushaji wa kasi ni miongoni mwa kazi zinazoipasua nyufa ndogo, mara nyingi upande usiokuwa wa mkono unaorusha. Kila mguu wa mbele unapotua, mwili unapokea kishindo cha mara kadhaa ya uzito wake. Hatari huzidi pale nyonga zinapomtazama mpigaji na mabega yamegeuka kando, kwa sababu mgongo unakamuliwa kama nguo katikati yao. Chagua moja: vyote vitazame mbele, au vyote vikae kando. Mitindo yote miwili imezaa warushaji wakubwa. Mchanganyiko ndio unaoumiza. Wala ukubwa wa jina hausaidii: Jasprit Bumrah wa India, mwenye mbio fupi na mkono mnyoofu kama upondo, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2023.

Maumivu ya misuli baada ya siku ya mazoezi yanakwisha kwa siku mbili tatu. Yale yanayokaa sehemu moja ya kiuno, upande mmoja, na kuuma zaidi ukijipinda nyuma, si ya kupakwa mafuta ya karafuu na kurudi uwanjani. Ni ya daktari, na mapumziko yake huwa ya miezi.

Tunaye kijana wa miaka kumi na tano aliyeambiwa atazoea, akajitahidi kuzoea mwezi mzima. Mamake ndiye aliyemwondoa uwanjani, si sisi. Anakuja bado kila jioni, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na daftari la skuli, anaandika mikimbio, zile pointi za wapigaji. Juzi alimwita kaka yake kando akamwonesha kwenye simu, bila maneno, goti la mbele linavyokunjika.